Chupa Iliyobaki Nusu

Jumanne, 10 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Usishtuke kuona kifurushi. Ndani yake kuna simu yangu. Nimeizima na kuishonea ndani ya kile kitambaa cha bluu ulichoniachia, na mshono wangu usiucheke. Naomba unitunzie kwa siku sitini. Sitini kamili, si mpaka utakapoona nimetulia. Nikikuandikia nikikulilia uirudishe, usinirudishie.

Sababu utaiona ya kitoto. Ni zile video fupi. Nafungua nione moja, nikiinua kichwa chai imepoa, saa mbili zimepita, na sikumbuki hata moja niliyoitazama. Nikifunga, kichwa changu kinakuwa kama chumba ambacho watu wengi wametoka kwa mkupuo wakaacha viti vimepinduka. Nimezifuta mara tatu. Mara ya tatu nilizirudisha nikiwa bado nimesimama palepale nilipozifutia. Silali vizuri. Ndiyo hivyo tu, hakuna kingine.

Dereva wa hospitali yetu huja huko kila Jumanne na Ijumaa kuchukua masanduku ya sampuli pale kituo cha afya. Amekubali kutupitishia barua dirishani kwenu. Kukiwa na dharura, piga simu ya mezani ya maabara, namba nimeiandika nyuma ya bahasha.

Betri ya hii simu ikikaa sana bila chaji itakufa. Kila Jumapili iwashe, ichaji mpaka ijae, uizime. Namba ya kuifungua ni mwaka aliozaliwa mama, endapo simu yako ya vibonye itagoma na ukahitaji kumpigia daktari.

Nimeweka pia chupa mpya ya dawa ya mama. Ifungue leo. Tone moja asubuhi, moja mchana, moja jioni, jicho la kulia. La kushoto presha ya macho ilishalichukua, na ilipokuwa inalichukua mama hakusikia maumivu yoyote. Hilo ndilo linalonitisha. Na hili la kulia likitaka kuondoka halitapiga hodi.

Mdogo wako


Ijumaa, 13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mshono nimeuona. Tushukuru walikupa kazi ya kutazama damu na siyo ya kushona vidonda.

Simu iko ndani ya sanduku la nguo, chini kabisa. Mama aliuliza nafungia nini, nikamwambia kitinda mimba wako ametuma shetani wake tumtunzie. Akasema, "Na wa kwako tumpeleke kwa nani?" Unamjua.

Siku sitini ni zako, mimi sina neno. Ila kusema kweli sielewi. Kitu ukiona kinakusumbua, si unakiacha? Mimi sukari niliiacha siku moja asubuhi, na mchana nilishasahau.

Dawa usiihofie. Asubuhi namkalisha mama kitandani, anaisoma tarehe kwenye ile kalenda ya kuchana iliyo ukutani mbele yake, kwa sauti, kama karani wa mahakama. Halafu anainua uso, namtia tone. Anasema akishaisoma tarehe ndipo anajua yuko hai na mimi naruhusiwa kwenda kwenye cherehani. Mchana namtia kabla ya chakula, jioni kabla ya kufunga dirisha. Mwaka wa tano huu sijakosa tone.

Nina sare mia na ishirini za shule, za kukabidhi mwisho wa Machi. Kola peke yake zitanitoa roho.

Dada yako


Ijumaa, 20 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Siku ya kumi.

Kidole gumba changu kina akili yake. Jana nilikuwa nasoma daftari la wagonjwa, nikakikuta kinasukuma karatasi kwenda juu, kana kwamba mgonjwa wa chini yake angekuwa wa kuchekesha zaidi. Nikakikalia. Kweli kabisa, nilikaa juu ya mkono wangu mwenyewe kama mtoto aliyekatazwa kugusa kitu mezani.

Nilidhani nikiziacha nitapata amani. Nilichopata ni kimya. Nikirudi chumbani nakaa kwenye kiti, nasikia bomba la uani linavyodondosha, nasikia mpangaji wa pili anavyomsema mumewe, na baada ya hapo nasikia mambo ya kwangu. Siku zote nilijiambia video ndizo zinanipa huzuni. Sasa hazipo, huzuni ipo. Imekaa ukingoni mwa kitanda kama mgeni aliyekuwa ananisubiri nimalize kuongea na mtu mwingine.

Kazini mkuu wa maabara ananitazama sana siku hizi. Usiniulize kwa nini.

Niambie habari za mama. Niambie hata vitu vya kijinga.

Mdogo wako


Ijumaa, 27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Cha kijinga cha wiki hii ni kwamba amegombana na jogoo wa jirani kupitia dirishani, na anadai jogoo ndiye aliyeanza.

Simu nimeichaji Jumapili kama ulivyosema, na ile Jumapili ya kabla yake.

Nina swali, usinielewe vibaya. Wewe ukiwa huko peke yako, unatuonaje mimi na mama? Kuna mwanamke mmoja anasema mtoto akijitoa sana kwa mzazi atazeeka hajaishi, na kwamba kuondoka si dhambi. Anasema usirudi nyuma kwa sababu ya machozi ya mtu. Nimelifikiria sana hilo neno nikiwa kwenye cherehani. Mpaka nikajichoma sindano, mimi, ambaye sijajichoma tangu nijifunze kushona.

Hutaki kujibu, usijibu.

Dada yako


Ijumaa, 6 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Swali lako limenikaa kooni wiki nzima. Nawaona nyinyi kama nyumbani, nitawaonaje tena? Na huyo mwanamke ni nani? Ni jirani? Mwambie aangalie vyungu vyake.

Nina habari ambayo sina mtu mwingine wa kumwambia akaona uzito wake. Unajua ninavyofanya: tone la damu linapakwa kwenye kipande cha kioo, tunakiita slaidi, nakiweka chini ya hadubini na kutafuta vimelea vya malaria. Ukitazama ndani unaona duara moja dogo. Unasogeza, duara lingine. Kabla hujaandika "hakuna vimelea" ni lazima uwe umepitia maduara mia moja. Sheria ni hiyo, kwa sababu kimelea kimoja kinaweza kuwa kimekaa kwenye duara la tisini na nane, kimya.

Leo nimefika mia bila kuinua kichwa. Nikachukua slaidi nyingine, nikafika mia tena. Nilitaka kulia. Kuna kipindi nilikuwa nafika kumi na tano tu, halafu

Sitaki kuliendeleza hilo. Nilitaka ujue kwamba akili inarudi. Inarudi polepole kama damu kwenye mguu uliokufa ganzi, na inauma vilevile.

Mdogo wako


Ijumaa, 13 Machi

Mdogo wangu,

Nina haraka, nisamehe. Kola arobaini nimezishona nje ndani, ninazifumua. Ndoo ya maji nayo niliiacha bombani mpaka ikafurika ukumbini. Uchovu tu.

Mama mzima ila uzee unamwingia. Jana tarehe kumi na mbili alisoma "mbili". Nikamwambia mama, mbona unaturudisha nyuma siku kumi nzima? Akanyamaza. Si kawaida yake kunyamaza.

Chupa ya dawa usituletee kwanza, hii bado ina nusu.

Dada


Jumanne, 17 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na kola, pole na maji. Mwambie mama hata mimi nikiamka sijui tarehe, na nina macho mawili.

Chupa kubaki nusu ni sifa yako. Una mkono mwepesi, mimi ningemwagia mashavu yote. Mpya nimeshaichukua dirisha la dawa, nitaiweka kabatini.

Siku ya thelathini na tano leo. Jana nilikaa nje ya chumba changu nikala embe zima bila kufanya jambo lingine lolote. Nilikuwa nimesahau kwamba embe lina mwisho.

Mdogo wako


Ijumaa, 20 Machi

Dada,

Asubuhi nilikuwa nadondosha rangi kwenye slaidi. Matone matano kila slaidi. Nikasikia mkono wangu unahesabu wenyewe, na mara hesabu ikahama, ikaenda kwenye kabati langu, kwenye ile chupa. Nikaweka rangi chini, nikaenda dirisha la dawa kuuliza chupa ile ina matone mangapi. Mfamasia akasema kama mia, mkono ukiwa mwepesi sana mia na kumi.

Ulipoandika "bado ina nusu" ilikuwa siku ya thelathini na moja. Matone matatu kila siku ni tisini na matatu. Chupa ilipaswa kuwa inakohoa hewa. Kama ina nusu, yametoka hamsini. Arobaini na matatu yako wapi?

Nimejaribu kukutetea. Labda ulifungua chupa ya zamani kwanza. Labda "nusu" uliisema kwa kukisia, una kola mia za kufikiria. Lakini dereva ameniambia jambo, nami nilimlazimisha aniambie. Ijumaa iliyopita alibisha dirishani mara tatu. Anasema ulikuwa umekaa hatua mbili kutoka alipo, umeinamia mapajani, akadhani unatunga uzi kwenye sindano. Aliyeitikia alikuwa mama, kutoka chumba cha ndani.

Uzi gani huo, dada?

Na mama hakusoma "mbili" kwa sababu ya uzee. Kumi na mbili ina tarakimu mbili. Ya kushoto hakuiona.

Nijibu kwa namba. Kwa siku, amekuwa akipata matone mangapi?

Mdogo wako


Jumanne, 24 Machi

Dada,

Ijumaa dereva alirudi mikono mitupu, akasema umeipokea barua ukafunga dirisha. Nimepiga simu yako ya vibonye kutoka mezani siku nne mfululizo, inaita mpaka inakata.

Sitaki maelezo. Chukua chupa mpya iliyo na barua hii, mtie tone sasa hivi, ukiwa bado umesimama. Kesho mpeleke kliniki ya macho wampime presha. Ukishamaliza hapo ndipo unichukie.

Mdogo wako


Ijumaa, 27 Machi

Mdogo wangu,

Nimempeleka Jumatano. Presha ya jicho imefika thelathini na mbili, na haitakiwi kuvuka ishirini hivi. Daktari alimshikisha mama kitufe, akawa anawasha taa ndogo pembeni, mama akiiona abonyeze. Upande wa kushoto taa ziliwaka nyingi, mama ametulia na kitufe chake, anasubiri. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikiziona zote.

Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kubaki, dawa isipokosekana. Ameniuliza kama tunamtia kila siku. Nikasema ndiyo. Mama alikuwepo pale. Hakunisuta.

Umetaka namba. Kuna siku alipata matatu. Kuna siku moja. Kuna siku, nadhani, hakupata.

Sasa nisikilize na wewe. Umemkabidhi fisi bucha halafu unashangaa nyama. Mwaka wa tano nakaa ndani ya vyumba viwili hivi. Nikitoka ni kwa fundi wa cherehani na kliniki. Unanitumia kitu kilichokushinda wewe uliyesoma, unaniambia kiwashe kila Jumapili. Jumapili ya kwanza nilifungua tu nione kina nini kinachomliza mdogo wangu. Unajua kilianzia wapi? Kilianzia ulipoishia. Wanawake, mmoja baada ya mwingine, wanafundisha jinsi ya kuwaacha wazazi wako bila kujisikia vibaya. Kumi, ishirini. Hicho kitu hakibahatishi, kinakuletea ulichokitazama mpaka mwisho. Nililia Jumapili mbili. Nikakuuliza kwa barua, ukaniambia mwambie aangalie vyungu vyake.

Kisha kikaacha kunionyesha ya kwako, kikaanza kunionyesha ya kwangu. Vitambaa. Wanawake wanaokata gauni bila kupima. Nyumba zenye madirisha makubwa. Mwanamke wa umri wangu anayetembea peke yake kando ya maji, basi, anatembea tu. Miaka mitano hakuna aliyeniuliza napenda nini, na hicho hakikuuliza, kilitazama tu kidole changu kilipochelewa. Bando lako lilipoisha nikanunua langu.

Mama akiita, nilisema "nakuja", na nilikuwa namaanisha. Hilo ndilo siwezi kumweleza mtu. Nilikuwa naenda. Na nikishtuka jioni nilikuwa na hakika nimeshamtia dawa, kabisa, kama ninavyojua jina langu.

Namrudishia dereva simu yako Jumanne.

Dada


Jumanne, 31 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa sakafuni.

Usinirudishie simu. Nakuomba. Si kwa ajili ya siku sitini. Ikiingia chumbani kwangu leo, na hali niliyo nayo, nitaifungua kabla sijavua viatu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kazi yangu ndiyo hiyo, kuyatafuta maradhi ya watu. Basi haya hapa ya kwangu. Januari waliniletea slaidi ya mwanamke mmoja. Simu ilikuwa mapajani, chini ya meza. Nilipitia maduara kumi na tano, nikatazama video, nikapitia matatu, nikatazama nyingine, nikaandika "hakuna vimelea". Walimrudisha baada ya siku mbili amebebwa, hajui jina lake. Mkuu wa maabara aliitoa slaidi ileile kwenye sanduku akaisoma upya. Vimelea vilikuwa vimejaa. Mwanamke alipona, nilimwona juzi anachagua nyanya sokoni, nikajificha nyuma ya gunia kama mwizi. Mkuu alinipa wiki nane. Jumatano ijayo, tarehe nane, ananipa slaidi hamsini. Nikishindwa sitagusa hadubini tena.

Nilikuambia silali vizuri. Ningekuambia ukweli, usingeifungua. Ungejua kwamba hicho si kichezeo. Nilificha kwa sababu wewe hukosi tone, na mimi niliona aibu kuwa mtu anayekosa. Kwa hiyo arobaini na matatu tugawane.

Na wale wanawake. Niliwatazama, kweli, mpaka mwisho. Nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia sina hatia, kwa kuwa nilikuachia mama mzima mikononi, nikawa nawatumia chupa. Hata mmoja hakuweza kunishawishi, ndiyo maana nikahitaji ishirini.

Nitakuja Jumanne tarehe kumi na nne na gari la sampuli, nimeomba likizo ya wiki tatu. Nitakaa na mama. Wewe utatoka. Sitakuuliza unaenda wapi.

Ila kutoka leo mpaka siku hiyo ni matone arobaini na mawili, nami siwezi kuwa hapo kwa hata moja. Siwezi kukukagua. Ninachoweza ni kukuamini, na kusema kweli, usiku wa jana sikujua kama naweza. Leo nimeamua. Kuamua si sawa na kuweza, lakini ndicho nilicho nacho.

Mdogo wako


Ijumaa, 3 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nilianza kuisoma kimya, mama akasema, "Soma kwa sauti. Mimi ndiye mwenye jicho."

Nikamsomea. Yote. Ya slaidi, ya wale wanawake, ya likizo. Nilipofika kwenye arobaini na matatu sauti ikakatika. Akasubiri mpaka ikarudi. Halafu akaniuliza, "Hiyo simu iko wapi?"

Nikamwambia nimeifunga, namrudishia dereva.

"Mwenzako kasema asirudishiwe."

"Basi nitaitupa."

"Utupe kitu cha mtu? Lete hapa."

"Mama, wewe utaifanyia nini?"

"Nitailalia. Wewe ikikuona inakuita. Yeye ikimwona inamwita. Mimi inionyeshe nini? Kwangu hicho ni kigae."

Nikampa. Akaipapasa, akainusa, akasema hata harufu haina, akaitia chini ya mto. Tangu Jumanne anailalia. Nikitandika kitanda anaishika mkononi mpaka nimalize. Nimemwambia amekuwa kama askari wa benki. Akasema askari wa benki hulala, yeye halali.

Kisha akaniuliza swali moja. Akasema, "Zile siku ulizosema unakuja, ulikuwa unatazama nini?" Nikafikiri ananisuta. Kumbe alitaka kujua. Nikamweleza za vitambaa, za yule mwanamke anayetembea kando ya maji. Akasema, "Ulipokuwa msichana ulikuwa hukai ndani." Sikujua kama anakumbuka.

Dawa sasa tunafanya hivi. Kila tone likishaingia, mama mwenyewe anachukua chaki yangu ya kushonea na kupiga mstari ukutani, chini ya kalenda. Mimi siruhusiwi kuigusa. Jana kabla ya chakula nilimwambia nimeshakutia, akanionyesha ukuta kwa kidole. Siku hiyo ilikuwa na mstari mmoja tu, wa asubuhi. Nilikuwa na hakika, mdogo wangu. Hakika ileile. Kumbe hata simu isipokuwepo kichwa kinabaki na tabia yake.

Leo wamempima tena. Ishirini na moja. Daktari anataka ishuke zaidi, lakini alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kola zote mia na ishirini zimekaa sawa. Nimechelewa kukabidhi siku mbili, mwalimu mkuu amenisema mbele ya watu.

Soma maduara yako. Mia, usipunguze.

Dada yako


Ijumaa, 10 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Slaidi hamsini kwa muda wa saa tisa, na nusu saa tu ya kula. Kwenye ya thelathini na moja kidole gumba kilitaka kutoroka, nikakikalia.

Nimekosa moja. Niliandika kuna kimelea, kumbe ni kichembe cha rangi iliyoganda. Mkuu alikaa nayo muda mrefu, mimi nimesimama na mikono nyuma kama mwanafunzi. Halafu akasema, "Hili ni kosa la mtu anayetazama." Nabaki kwenye hadubini. Miezi mitatu kila ninachosoma kitasomwa na mwingine nyuma yangu. Nimekubali kabla hajamaliza kusema.

Siku sitini zinaisha kesho. Sijui nitaifanya nini hiyo simu, na sijui kama niko tayari kuiona. Jumanne nipo kwenu. Ukutani nitahesabu, naomba usiudhike.

Mdogo wako


10 Aprili

Kitinda mimba wangu,

Ninaandika mwenyewe kwa kalamu nene ya dada yako ya kuchorea vitambaa. Herufi zikipanda juu zifuate.

Tarehe hapo juu nimeisoma mwenyewe. Kwanza niliona 0. Nikamwambia dada yako leo hakuna siku. Akataka kunisaidia, nikamwambia anyamaze. Nikageuza kichwa kidogo upande wa kushoto, nikaikuta moja imejificha. Sasa najua zinakojificha.

Nilijua simu imefunguliwa tangu Jumapili ya kwanza. Mimi sioni, lakini nasikia. Cherehani ilikuwa inanyamaza. Sikusema kwa sababu alikuwa anacheka, na miaka mingi sijamsikia akicheka peke yake. Nilidhani jicho langu litasubiri kidogo. Kwa hiyo mnapogawana matone yenu, na mimi mniwekee langu.

Dada yako ameshashona gauni la kutokea. Amelificha chini ya vitambaa, anadhani sijui.

Simu ninayo. Siirudishi kwa dereva wala kwa barua. Anayeitaka aje aniombe.

Njoo Jumanne. Ukifika usikae pembeni ya kitanda kama unavyopenda. Kaa mbele yangu, katikati. Pembeni sikuoni.

Mama